Kutoka Diploma Hadi Digrii: Uliza Kabla ya Kulipa

Nilipata D plus katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, wa mwaka 2012, na leo nina digrii ya teknolojia ya habari. Kati ya karatasi hizo mbili kuna cheti cha kraft na diploma, vyote vya Baraza la Mitihani, KNEC. Naanza na gredi yangu kwa sababu ninaendesha saiba hapa Kayole, upande wa Masimba, na kila matokeo yanapotoka wazazi huingia na watoto wao wakiwa na swali moja: huyu wa C minus ataona chuo kikuu kweli? Nikiwajibu kwamba ataona, wengine hudhani nawatuliza roho tu. Basi huvuta droo nikawatolea nakala za vyeti vyangu, wakasoma wenyewe.

Januari moja alikuja mama anayeuza mboga kule Soweto, kijana wake nyuma ameinamisha kichwa.

"Dada," akaniambia, "nimeambiwa huyu aende akasomee kazi ya mkono, mambo ya digrii asahau. Ni kweli?"

"Kazi ya mkono ni nzuri, mama, na aisomee. Ila digrii asiisahau. Hebu kwanza tuone karatasi yake ya matokeo."

Yule kijana hakuwa amesema neno. Aliposikia hivyo akainua uso. "Auntie, si ni lazima urudie Form Four?"

Si lazima. Kurudia ni njia moja, na wapo waliorudia wakafaulu. Lakini ipo njia nyingine, halali, ambayo shuleni haisemwi sana: unasoma diploma katika chuo anuwai, unafaulu vizuri, kisha unapanda nayo hadi chuo kikuu, na baadhi ya masomo uliyokwisha kuyasoma unasamehewa.

Ngazi zenyewe ziko hivi. Kwa digrii, KCSE inatakiwa C plus. Kwa diploma, C minus. Kwa cheti cha kraft, D kavu. Aliye chini ya hapo huanzia kozi za fundi stadi, zile zinazoitwa artisan. Sasa tazama hesabu. Mwaka 2017, waliofanya mtihani walipita 600,000, na waliopata C plus kwenda juu walikuwa 70,073 tu. Mwaka 2023 mambo yalikuwa bora zaidi: 201,133 kati ya watahiniwa karibu 900,000. Hata katika mwaka huo wa neema, zaidi ya watoto watatu kati ya kila wanne hawakufika pale. Nchi haiwezi kuwaambia watoto wengi hivyo kwamba mlango umefungwa, na kwa sheria haijawaambia. Sheria ya mwaka 2014 iliyounda mamlaka ya KNQA ilipanga vyeti vyote vya nchi hii katika mfumo mmoja wa ngazi 10. Diploma iko ngazi ya 6, digrii ya kwanza iko ngazi ya 7, uzamifu uko ngazi ya 10. Kwenye karatasi, kati ya diploma na digrii ni hatua moja tu.

Ugumu uko katika kuipiga hiyo hatua moja.

Jambo la kwanza ambalo chuo kikuu huangalia ni ulifaulu vipi. Diploma za KNEC hupimwa kwa alama za 1 hadi 8: 1 na 2 ni Distinksheni, 3 na 4 ni Krediti, 5 na 6 ni Pasi, 7 unarudia karatasi, 8 umeanguka. Vyuo vikuu vingi vinataka Krediti kwenda juu. Mwenye Pasi mara nyingi huambiwa akafanye kazi kwanza, miaka miwili au mitatu, ndipo aombe. Kwa hiyo kijana anayeingia chuo anuwai akijiambia kwamba bora kupita tu, anajiwekea kizuizi bila kujua. Mimi niliambiwa mapema na mwalimu wangu wa kraft, mzee aliyekuwa amefundisha mafundi wa umeme na kompyuta kwa miaka mingi. Alituambia kwamba katika chuo chetu Pasi ni cheti cha kuombea kazi, na Krediti ni cheti cha kuombea masomo. Nilisoma nikitafuta Krediti.

Jambo la pili ni mwelekeo. Diploma ya upishi haikupeleki kwenye digrii ya uhasibu ukasamehewa chochote. Huenda ukakubaliwa, lakini utaanza mwaka wa kwanza kama aliyetoka Form Four jana. Ukitaka miaka yako ihesabike, diploma na digrii lazima ziwe za fani moja: ugavi kwa ugavi, uuguzi kwa uuguzi, ujenzi kwa ujenzi. Ndiyo maana, kijana akikaa kwenye kiti pale saibani tujaze fomu ya KUCCPS, huduma inayopangia wanafunzi nafasi vyuoni, ya kuomba nafasi ya diploma, simuulizi tu anataka kusoma nini. Namuuliza anataka kuwa nani baada ya miaka 8, halafu tunarudi nyuma kutoka hapo.

La tatu ndilo linalochoma watu: masomo yapi utasamehewa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ilitoa kanuni mwaka 2014. Zinaruhusu chuo kikuu kuhesabu masomo uliyofanya kwingine hadi asilimia 49 ya masomo ya msingi ya programu inayofanana na yako. Yaani sehemu kubwa lazima uisomee pale pale, ndipo chuo kiweke muhuri wake kwenye digrii. Sioni ubaya wa hilo. Lakini asilimia 49 ni dari, haimaanishi kwamba utapewa kiasi hicho. Chuo kimoja kitakusamehe mwaka mzima, kingine masomo manne, kingine hakikusamehe hata moja, na vyote vitatu viko ndani ya kanuni. Diploma ni ile ile, mwanafunzi ni yule yule.

Nieleze jinsi inavyofanyika, kwa sababu wengi hudhani kuna kompyuta mahali inayolinganisha vyeti. Kwangu mimi ilikuwa mwalimu mmoja, meza, na silabasi mbili. Mkuu wa idara aliweka silabasi ya diploma ya KNEC upande wa kushoto na ya digrii upande wa kulia, akachukua rula, akaanza kushuka mstari kwa mstari. "Mifumo ya uendeshaji, hii umesoma. Mawasiliano ya data, umesoma." Alipofika kwenye hifadhidata akasimama. "Hapa kwenu mliandika SQL kweli, au mlisoma nadharia tu?" Nikamfunulia kitabu cha mradi wangu wa mwisho, mfumo wa kuweka kumbukumbu za chama cha akiba cha akina mama wa mtaani, na maswali ya SQL yakiwa yamechapishwa nyuma. Akayasoma, akatia alama ya vema. Tulipofika kwenye kalkulasi, upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Hisabati za diploma yetu zilikuwa za kikokotozi: mifumo ya namba, mantiki, takwimu kidogo. Hakuna alama. Hisabati za mantiki ya juu, hakuna. Fizikia ya elektroniki, nusu, kwa hiyo hakuna.

Nilitoka pale nimesamehewa masomo karibu ya mwaka mmoja, huku nikidaiwa matatu ya mwaka wa kwanza ambayo ningeyafanya sambamba na ya mwaka wa pili. Na kilichoniokoa, zaidi ya alama zangu, ni zile karatasi: silabasi yenye muhuri wa chuo, orodha ya alama kwa kila somo, na kitabu cha mradi. Karatasi ya matokeo pekee inataja jina la somo. Haisemi ulichofundishwa.

Kijana mmoja wa Matopeni, mteja wangu, hakupata bahati hiyo. Aliambiwa kwa simu na ofisi ya usajili ya chuo kikuu fulani kwamba aje tu, ataingizwa mwaka wa pili. Dada yake akachukua mkopo kwenye chama, karo ya muhula ikalipwa. Wiki ya tatu akaitwa, akaambiwa idara haijaidhinisha, aanze mwaka wa kwanza. Aliyezungumza naye kwenye simu hakupatikana tena, na hapakuwa na barua ya kuonyesha. Nilikaa naye pale saibani tukaandika malalamiko kwa lugha ya heshima, tukayatuma, tukasubiri. Jibu lililokuja lilinukuu kanuni za chuo. Kanuni zilikuwa upande wao.

Ninapomfikiria huyo kijana ndipo hukumbuka wenzetu walioko Marekani. Wakenya wengi walioanzia maisha Minnesota au Texas walisoma kwanza katika vyuo vya jamii, vyuo vya miaka miwili vyenye karo nafuu, kisha wakahamia chuo kikuu kumalizia miwili iliyobaki. Mtindo huo si wa jana. Chuo cha Joliet, Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901 kwa kusudi hilo hilo. Jimbo la California, kwa mpango wake mkuu wa mwaka 1960, liliunganisha vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma katika mfumo mmoja, na leo vyuo hivyo vya jamii ni 116. Mwanafunzi wa huko anaweza kutazama kabla hajaanza na kuona somo gani la chuo chake linahesabiwa kuwa somo gani la chuo kikuu anachokitaka. Imeandikwa. Huko nako wapo wanaopoteza masomo wakihama, maana si kila kitu kina makubaliano. Lakini jedwali lipo, na jedwali humlinda asiye na mtu wa kumjua ofisini. Majirani zetu wa Tanzania nao wamejipanga kwa namna yao: anayetoka diploma huomba chuo kikuu kwa kile wanachokiita sifa linganishi, na kiwango cha chini cha alama kinatajwa programu kwa programu katika mwongozo wa tume yao ya vyuo vikuu, TCU. Sisi tuna ngazi za KNQA na kanuni za CUE. Jedwali la kitaifa la somo kwa somo ndilo ninalolitafuta na sijaliona.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa kuwa hapa Kayole ndilo swali la pili baada ya gredi. Karo ya vyuo anuwai vya umma ilipangwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, na kuanzia 2018 serikali ikawa inalipia 30,000, mwanafunzi akibaki na 26,420 ambazo angeweza kukopa kwa bodi ya mikopo, HELB. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 ulibadilisha hesabu hizo na kuweka gharama ya 67,189. Vyovyote iwavyo, ni fedha ambazo familia ya muuza mboga inaweza kuzitazama bila kukata tamaa. Chuo kikuu ni habari nyingine. Mwenye C plus hupangiwa nafasi na KUCCPS akaomba ufadhili na mkopo. Anayepanda kutoka diploma mara nyingi huingia kwa mlango wa kujilipia, ule uliofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998 na ambao watu bado wanauita parallel. Karo yake ni kubwa. Hili naona ni dhuluma, ingawa sheria haiiti hivyo. Mtoto aliyeonyesha kwa miaka mitatu kwamba anaweza kusoma na kufaulu angepaswa kuwa wa kwanza kufadhiliwa. Badala yake, ile D au C minus ya umri wa miaka 18 inamfuata hadi dirisha la karo.

Mimi nililipa kwa kazi ya saiba. Mchana najaza fomu za watu, jioni napanda matatu ya 19/60 kwenda mjini darasani, usiku narudi. Msongamano wa Jogoo Road nilisomea kalkulasi humo. Hisabati za Form Four nilikuwa nimeanguka, kwa hiyo nilinunua vitabu vya Form Three na Four vya mtumba pale karibu na Muthurwa, nikaanza upya na aljebra kabla sijaigusa kalkulasi. Ilikuwa kazi ya aibu kidogo, mtu mzima kwenye matatu na kitabu cha sekondari, na nilipita kwa alama ya C. Anayekuja kutoka diploma ajue kwamba pengo la hisabati lipo, na ajiandae nalo mapema, hata wakati bado yuko diploma.

Ila pengo lina pande mbili. Katika maabara ya mitandao mwaka wa pili, mhadhiri alitugawia waya, vichwa vya RJ45 na koleo, akatuambia tutengeneze kebo. Darasa zima la watoto wa B na C plus likawa linatazama zile nyaya nane za rangi. Mimi nilizipanga bila kufikiri: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nikazinyoosha kwa kidole gumba, nikakata ncha ziwe sawa, nikasukuma hadi shaba ikagusa mwisho wa kichwa, nikabana. Taa za kipimaji zikawaka zote nane kwa mpangilio. Mhadhiri akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia: chuo cha ufundi, na saiba. Kuanzia siku hiyo wenzangu walinifundisha hisabati, nami nikawafundisha mikono. Vyuo vikuu vinavyotuchukulia kama wanafunzi wa kiwango cha pili vinapoteza jambo hilo.

Kuna taasisi moja ambayo historia yake inaonyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Kenya Polytechnic ya Haile Selassie Avenue ilianzishwa mwaka 1961. Mwaka 2007 ikafanywa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Januari 2013 ikapata hati yake kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Inafundisha diploma na digrii. Wapo waliolalamika kwamba kugeuza vyuo anuwai vikubwa kuwa vyuo vikuu kungeiacha nchi bila mafundi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini chuo kinapotoa vyote viwili, anayefundisha diploma anajua digrii inadai nini, na hilo ni faida kubwa kwa mwanafunzi anayetaka kupanda.

Sasa onyo kwa wale wa taaluma zenye bodi. Chuo kikuu kinaweza kukukubali kwa diploma yako, ukasoma, ukahitimu, halafu bodi ya taaluma ikarudi kukuuliza ya KCSE. Tume ya walimu, TSC, kwa walimu wa sekondari wenye digrii, huangalia C plus ya jumla na C plus katika masomo mawili ya kufundishia. Kwa mawakili, Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 imezua mabishano marefu kuhusu waliopanda kutoka diploma, na kesi zake zilifika Mahakama ya Rufaa. Upande wa uhandisi, bodi ya wahandisi na ile ya wanateknolojia wa uhandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ni mbili tofauti, na digrii ya teknolojia haikupeleki kwenye ile ya kwanza. Uuguzi ndio umetengeneza njia iliyo wazi zaidi: wauguzi wengi wa diploma kutoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba kilichoanza mwaka 1927, hujiunga na programu za digrii zilizotengenezwa mahususi kwa ajili yao, huku wakiendelea na kazi. Kabla ya kuchagua fani, basi, soma masharti ya bodi yake kwanza, kisha ya chuo.

Mwaka 2027 watoto wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE. Lakini karatasi za D na C minus zilizoko kwenye makabati ya Kayole, Dandora, Njiru na kote nchini hazitaisha mwaka huo. Wenyewe wana miaka 22, 30, 40, wengine wana diploma tayari na wanauza nguo huku wakijiuliza.

Kwao nasema hivi. Rudi chuoni kwako uombe silabasi kamili ya kozi yako, yenye muhuri, hata kama ulimaliza zamani. Omba orodha ya alama za kila somo. Tafuta vyuo vikuu viwili au vitatu vyenye programu ya fani yako, na hakikisha programu hiyo imeidhinishwa na CUE. Peleka karatasi hizo kwa mkuu wa idara mwenyewe, usiishie kwa ofisi ya usajili wala kwa ajenti. Kisha dai barua yenye nembo ya chuo inayotaja kwa majina masomo utakayosamehewa na mwaka utakaoanzia. Barua hiyo ikikosekana, usilipe hata shilingi ya usajili. Chuo kinachokuheshimu kitaiandika.

Na kwa CUE na KNQA: chapisheni majedwali ya kulinganisha masomo ya diploma za KNEC na programu za digrii, somo kwa somo, chuo kwa chuo, na muyaweke mahali ambapo mama wa Soweto anaweza kuyaona kwa simu yake kabla hajakopa karo.